Ndege Iliyokataa Kuruka Kifudifudi

Baba yangu anauza samaki, na kwa miezi kadhaa nilikuwa namlia mtaji bila kugusa samaki hata mmoja. Nilikuwa nakula maboksi.

Yale meupe, mepesi, ya kuwekea samaki na barafu, yanayolia kwii ukiyakwaruza mpaka meno yanakusisimka. Mtu mwingine akiliona boksi lile anaona samaki, changu na kibua. Mimi naona mabawa. Kifuniko kimoja kinatoa bawa zima na mkia, na pembeni kinabaki kipande cha kunidanganya kwamba iko siku nitatengeneza ndege ya pili. Mota, betri na rimoti nilipewa na binamu yangu wa Dar, aliyekuwa na ndege ya dukani kabla haijaishia baharini. Vijiti vya kusukuma mkia ni spoku za baiskeli. Kilichobaki ni gundi, kisu cha kukatia karatasi, na kujiamini kusikokuwa na msingi wowote.

Mimi sikutaka ndege ya kwenda na kurudi. Nilitaka ya sarakasi, ile inayobiringika, inayopiga duara la kwenda juu na kushuka, inayoruka chali huku magurudumu yakiangalia mawingu. Yangu haikuwa na magurudumu, lakini umenielewa. Ndege ya namna hiyo bawa lake ni bapa, juu sawa na chini, kwa hiyo yenyewe haijali imelala vipi. Anayetakiwa kujali ni mrushaji.

Kurusha nilijifunza kwenye gemu la simu. Kwenye gemu ukianguka unabonyeza palipoandikwa “anza upya”, na ndege inarudi inang'aa. Kwetu Nguvumali kitufe hicho hakipo. Mara ya kwanza niliirusha nyuma ya shule, ikapinda yenyewe, ikashuka moja kwa moja kwenye sufuria la maharage la mama ntilie. Yule mama aliitoa kwa upawa, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, “Hii nayo nikupimie na wali?” Mara nyingine ilikaa juu ya bati la jirani siku nzima, kunguru wakiidonoa, kwa sababu bawa lilikuwa bado linanuka kibua. Nilikuwa nimeliosha kwa sabuni ya unga. Kunguru hawakushawishika.

Mambo yalichacha siku nilipochukua kifuniko cha boksi lililokuwa kazini. Naapa nilidhani ni tupu. Barafu ikayeyuka, na asubuhi baba akaenda sokoni na samaki waliolegea kama mimi kwenye mtihani wa hesabu.

Baba hapigi, na afadhali angepiga. Baba anavuta kigoda, anakaa, anakuangalia kama anavyoangalia jicho la samaki, kujua umeoza tangu lini.

“Lile lidege lako linaruka?” akaniuliza.

“Linaruka, baba.”

“Linaruka, au linatupwa?”

Lilikuwa swali zuri.

“Haya. Jumamosi utanionesha. Nikiliona limeruka na likarudi chini zima, endelea, na maboksi mabovu nitakupa mwenyewe. Likivunjika, rimoti naifungia kabatini hadi umalize shule, na likizo yote unakwenda Moa kwa mjomba wako kulima mihogo.”

Sina ugomvi na Moa. Mjomba ni mtu mwema kabisa, ila ana habari moja tu duniani, na habari yenyewe ni mihogo. Anaamka kabla ya adhana, anakuamsha na wewe, na huko shambani mimi hushika jembe kama kijiko cha uji. Likizo iliyopita majirani walikuja kuniangalia nikilima. Walikuja na watoto.

Mtu mwenye busara angetumia wiki ile kujifunza kwenda na kurudi tu. Mimi nikaenda darasani nikatangaza kwamba Jumamosi ndege yangu itaruka chali mbele ya baba yangu mzazi. Sijui ni nani aliyenituma. Rafiki yangu, anayeketi nami dawati moja na ndiye mtupaji wangu, yaani anaishika na kuitupa hewani, akatafuna kalamu akasema, “Mwanangu, wewe hata kifudifudi hujaruka.”

“Kifudifudi ni ya wanaoanza.”

“Na wewe umemaliza?”

Ijumaa baada ya swala ya magharibi nikaiandaa. Mfuko wa betri uko tumboni, kwa hiyo niliilaza ndege chali kitandani ili niubandike kwa gundi. Naomba ukumbuke hilo, imelala chali, kwa sababu mimi sikulikumbuka. Gundi ilipokauka nikasema nipime mkia. Mkiani kuna ubao mdogo unaopanda na kushuka. Sisi tunauita kikope. Ukivuta kijiti cha rimoti, kikope kinatakiwa kiinuke juu, na ndege ipandishe pua. Nikavuta. Kikope kikashuka kuelekea godoro.

“Alaa!” nikasema peke yangu, kwa sauti ya fundi mkuu. “Kimegeuka.”

Kwenye rimoti kuna swichi ndogo ya kubadili upande. Nikaibadili. Nikavuta tena, kikope kikapanda vizuri kuelekea darini. Nikajipongeza. Nikawaza ni wangapi wasingegundua kasoro ile, wakaja kuaibika mbele za watu. Nikalala usingizi wa mhandisi.

Uwanja wetu ni uwanda wa chumvi, ukifuata njia ya Tongoni halafu ukakata kuelekea mikoko. Hakuna mti, hakuna waya wa umeme, ardhi bapa kama sinia. Nilitegemea tuwe watatu. Kumbe darasa zima lilikuwa limesambaza habari, na nusu yake imekuja na wadogo zao. Kina mama wanaokusanya chumvi nao waliacha kazi, wakasimama na majembe yao ya mbao. Baba alifika na pikipiki yenye boksi nyuma, akaegesha, akakunja mikono.

Wenzangu wakaanza, “Shikamoo baba, shikamoo baba,” naye, “Marahaba, marahaba,” bila kuondoa macho kwenye ndege.

“Mbona haina magurudumu?” akauliza mama mmoja.

“Inatua kwa tumbo, mama.”

“Kama kenge?”

“Kama kenge, mama.”

Rafiki yangu akaishika ndege juu ya kichwa. Nikafungua mota, propela ikalia. “Tupa!” Akatupa. Na wallahi ilitoka vizuri ajabu. Mota ilikuwa na nguvu, ndege ikapanda yenyewe, nyeupe, imenyooka, ikapita urefu wa mnazi. Watoto wakapiga kelele. Hadi hapo sikuwa nimegusa chochote, na ningeweza kuacha mambo hapo nikafa nikiwa na heshima zangu.

Nikavuta kijiti kidogo ili ipande zaidi. Ikainamisha pua.

Nikavuta zaidi. Ikainama zaidi. Mtu mwenye akili angeachia. Mimi nilivuta hadi kidole gumba kikawa cheupe, na kadiri nilivyovuta ndivyo ndege ilivyozidi kuja chini kwa hasira, ikielekea mahali nilipokuwa nimesimama. Nilifumba macho. Niliona mihogo. Mistari na mistari ya mihogo, na mjomba akiniita kutoka mwisho wa mstari.

Nikasikia watu wamepiga ukelele, lakini si ule wa msiba. Nikafungua jicho moja. Ndege ilikuwa imejikunja chini chini hadi ikajipindua, na sasa inapanda tena ikiwa tumbo juu, mgongo chini. Chali! Nilikuwa bado nimevuta kijiti, nayo inapanda. Nikaachia kidogo, ikanyooka. Nikavuta, ikapanda. Nikapeleka kushoto, ikaenda kushoto. Ilikuwa ndege tiifu kuliko zote nilizowahi kuvunja.

“Anairusha chali!” wakapiga kelele wenzangu. “Kweli anairusha chali!”

Hapo ndipo nikakiona kitanda changu, na ndege imelala juu yake mgongo chini, na mimi nambadilishia swichi mgonjwa ambaye hakuwa na ugonjwa. Nilikuwa nimeitengeneza sawasawa kabisa, ila kwa maisha ya chali. Ikigeuka kawaida tu, kila ninachofanya kinakuwa kinyume. Na swichi ilikuwa mgongoni mwa rimoti, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi ya kushika vijiti.

Rafiki yangu akaja karibu akaninong'oneza, “Umetisha, mwanangu. Sasa irudishe kifudifudi.”

“Siwezi.”

“Huwezi vipi?”

“Kifudifudi haijui.”

Akaniangalia, akaangalia ndege, akaanza kucheka kimyakimya mabega yakitikisika. Huyo ndiye rafiki yangu.

Nikazunguka hivyo hivyo chali, mara mbili, mara tatu, watu wakishangilia. Betri ikaanza kuchoka. Nikaileta chini chali, nikapunguza mota, na ndege ikateleza kwa mgongo juu ya tope la chumvi, ikiburuta mkia wake wa wima kama jembe, hadi ikasimama. Watoto wakaikimbilia. Kina mama wakapiga vigelegele kana kwamba nimeoa.

Baba ndiye aliyeinyanyua. Akafuta tope kwa kiganja, akapima ule mkia wa wima kwa vidole viwili. Yeye anauita pezi. Lilikuwa limepinda, lakini halikukatika. Nzima. Roho ikarudi mahali pake.

Akanisogelea, akaniuliza taratibu, “Ile ulikusudia?”

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri, na yote ya uongo. Lakini alikuwa ananiangalia kwa lile jicho la sokoni.

“Hapana, baba.”

“Nilijua. Mtu anayekusudia hafumbi macho.” Akanipa ndege. “Sasa irushe kama ndege za watu wengine.”

Nikabadili betri, nikarudisha swichi, safari hii ndege ikiwa imesimama sawasawa mikononi mwa rafiki yangu, naye akikagua kikope mara nyingi kuliko ilivyohitajika ili kuniudhi. Akatupa. Ikaruka. Ikazunguka uwanja kifudifudi, polepole, pua mbele, tumbo chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuirusha ndege ninavyotaka mimi, na nilijisikia kama nimekua ghafla.

“Sasa mbona imeharibika?” akauliza mtoto mmoja.

“Geuza!” wakapiga kelele wenzangu. “Geuza bwana! Hiyo hata mimi naweza!”

Kina mama wakarudi kwenye chumvi yao. Nilipoitua kwa tumbo, laini, safi, bila mkwaruzo, walioshuhudia walikuwa baba na rafiki yangu tu. Wengine walikuwa wameshafika njiani wakisimulia ile ya kwanza.

Baba akatikisa kichwa kuridhia. “Hii ndiyo ndege,” akasema. “Ahadi ni ahadi. Endelea.”

Basi ningefunga virago nikaenda nyumbani nikiwa mtu huru. Lakini baba alikuwa bado amesimama. Alikuwa anaiangalia rimoti.

“Hicho kijiti,” akasema, “ndicho cha kupandisha?”

“Ndicho, baba.”

“Lete.”

“Baba, kuna upepo ki—”

“Lete, bwana. Mimi nimeendesha boti kabla hujazaliwa.”

Rafiki yangu akanitazama. Ungefanyaje? Nikampa baba. Ndege ikatupwa, ikapanda, na baba akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kuliona sokoni wala nyumbani. Akasema, “Mbona rahisi?” Kisha akavuta kijiti chote, kama mtu anayevuta nanga. Ndege ikapiga duara moja zuri kuliko yangu yote, juu, chali, na kushuka, na pale duara lilipotakiwa kuisha ardhi ilikuwa imeshafika. Pwaa! Bawa likaenda upande wa Tongoni, mkia upande wa mikoko.

Baba akairudisha rimoti mkononi mwangu polepole, kana kwamba ni ya moto.

“Upepo,” akasema.

“Upepo, baba,” nikasema.

“Upepo mkali sana, mzee,” akasema rafiki yangu, ambaye nywele zake hazikuwa zimetikisika tangu asubuhi.

“Okoteni vipande. Na mama yenu asisikie.”

Mama alikuwa ameshasikia. Mmoja wa wale kina mama wa chumvi ni mwenzake wa kikoba cha kuweka na kukopa, na simu inafika kabla ya pikipiki. Hakusema neno mpaka usiku, tulipokwisha kukaa mkekani, wali umepakuliwa, baba kanyoosha mkono kwenye samaki.

“Nilikuwa nataka kuuliza tu,” mama akasema. “Huko Moa mtakwenda kulima wote wawili, au kwa zamu?”

Baba akakohoa, akajifanya ana mwiba kooni. Nikamsogezea maji.