Ushuhuda wa Ng'ombe Wangu

Volkano ilipotutimua Goma, ng'ombe wangu Gaju alinipotea njiani. Niliomba Mungu wiki nzima, kisha nikamkuta kando ya ziwa la Lac Vert akila majani. Nikamfunga kamba, nikaenda naye nikiimba.

Ni kweli, mke wangu alipomkama alipigwa teke. Nikasema ni woga wa volkano. Tukimwita hageuki. Nikasema ngurumo ya mlima imemziba masikio.

Jumapili nikasimama naye kwenye mlango wa kanisa, mikro mkononi, nitoe ushuhuda. Pasteri alikuwa amehubiri juu ya kondoo wanaojua sauti ya mchungaji wao, nikaona mahubiri yamenihusu mimi. Nikaita, "Gaju!" Ng'ombe akaendelea kutafuna. Nikaita tena, kwa sauti yangu ya shemasi. Akatafuna.

Ndipo mama mmoja, mkimbizi kama sisi, akainuka kwenye benchi akasema polepole, "Bihogo."

Ng'ombe akalia, akaninyang'anya kamba, akanikanyaga kiatu, akaingia kanisani kumlamba yule mama mikono.

Pasteri akaja akachukua mikro yake. "Muzee, kaa chini. Ushuhuda ni wa mama."