Nyumba ya Magunia

Juzi, mjini Kasese, niliona mafundi wakikunja pazia la jukwaa lenye picha ya nyumba, nikakumbuka harufu ya magunia ya kahawa.

Nilipokuwa mtoto, mto ulichukua nyumba ya bibi, nasi tukahamia kwa jamaa huko Bwera. Mwalimu wa maigizo wa kanisani alishona magunia ya kahawa pamoja yawe pazia la mchezo, akayapaka chokaa, kisha akaniuliza, "Mlango ya bibi ilikuwa rangi gani?"

"Buluu. Huku chini mbuzi ilikwaruza."

Akachora yote, hata mikwaruzo. Nikaamini anatujengea nyumba yetu upya. Alasiri ya mchezo nilikuja na nguo zangu zimefungwa kwenye kitenge. Makofi yalipoisha, mwalimu akaanza kufungua kamba za magunia. Nikalia.

Bibi alilitazama furushi langu. Hakucheka.

"Mwalimu, ngoja kwanza," alisema. "Mutoto iko anataka kuingia."

Tukapita nyuma ya magunia, tukaketi sakafuni, jua likipenya kwenye vitundu vidogo. Nilidhani bibi ananibembeleza mimi tu. Lakini tulipotoka, yeye ndiye aliyegeuka, akauwekea kiganja mlango ule wa rangi na kuusukuma taratibu, kama mtu anayefunga nyumba yake.