Alama Chini ya Kifuniko

Pale maabara walimwita Bibi Tope, naye aliitika, maana kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeingia mikokoni kuchota tope: mara moja kiangazi, mara moja masika, palepale penye mti uliopakwa rangi nyeupe. Wasomi walikuja na kuondoka. Yeye alibaki na ndoo yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kufuatilia jinsi bakteria wa matopeni wanavyobadilika misimu ikibadilika. Kiangazi, chumvi ikikolea, wanatamba wale wanaonuka yai viza. Mvua ikileta maji baridi, hao wanapungua, wengine wanashika zamu. Bibi Tope hakuhitaji darubini kujua hilo. Hata binti yake, akipishana naye mlangoni, alitambua msimu kwa pua.

Kisha akaletwa bosi mpya, daktari wa vitabu, kiatu chake kinang'aa kuliko akili. Masika yalipokolea, akakataa kutoa gari.

"Mama, usijisumbue bure. Tope ni tope," alisema huku akipuliza chai.

"Daktari, tukikosa tope la masika, mwaka huu utakuwa na pengo."

"Niachie mimi."

Akaachiwa. Akatoa kwenye friza chupa za akiba za kiangazi, akabandua lebo, akabandika nyingine: Masika. Vipimo vikaja vilevile, naye bila haya akaandika ripoti kwamba bakteria hawajali mvua. Ugunduzi huo! Mtu apime maji ya mtungi mmoja mara mbili, halafu ashangae yamefanana.

Bibi Tope alipoisoma, roho ilimuuma. Miaka kumi na tisa ya mbu na tope la mapajani, mvivu mmoja anaifuta kwa kukaa kitini! Angeweza kunyamaza, alibakiza mwaka mmoja astaafu, na daktari ndiye aliyeshika kalamu.

Siku alipokuja mkaguzi, mama mmoja wa miwani, daktari alijieleza hadi povu likamtoka. Bibi Tope alikuwa akipanga chupa mezani.

"Mheshimiwa," alisema, "hebu fungua hivyo vifuniko, utazame kwa ndani."

Kwa kuwa lebo hubanduka kwenye baridi, tangu zamani alikwaruza vifuniko kwa msumari: mstari mmoja kiangazi, miwili masika. Daktari hakujua. Angejuaje, mtu anayeogopa kuchafua kucha?

Mkaguzi alifungua chupa zote sita za masika. Kila kifuniko kilikuwa na mstari mmoja.

"Na tope la masika liko wapi?"

"Liko hukohuko mikokoni, mheshimiwa. Mvua bado haijakatika."

"Basi nendeni mkalilete. Wote wawili, sasa hivi."

Bibi Tope akatangulia na ndoo. Nyuma yake daktari alizama hadi magotini, kiatu kimoja kikamezwa, na mti mweupe ulikuwa bado mbali.

"Mama, si tuchote tu hapahapa," alihema, "kwani tope..."

Bibi Tope akageuka, akatua ndoo.

"Malizia, Daktari. Nakusikiliza."