Sauti ya Juu Nyumbani kwa Mgonjwa

Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini hii nitaisema mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Rongo, kwa sababu huko wanasema nilimlilia mama mkwe wangu akiwa hai, na ukweli wenyewe una aibu ya kutosha bila kutiwa chumvi.

Kwanza mjue kwamba sijui kulia. Mume wangu alipokufa nilikaa kando ya jeneza siku tatu, machozi yanashuka lakini mdomo umefungwa, na hapa kwetu mjane asiyepiga nduru ya msiba watu hawamsahau (Mama Awuor, jirani yangu, aliniambia waziwazi kwamba hata mbuzi hufanya afadhali). Nikabaki na mama mkwe, mimi na yeye tu, na mwaka jana akaanza kuugua, akawa wa kulala kitandani.

Ndipo akaja Karisi. Ni msichana wa Wales (nilisema Uingereza, akanirekebisha, nikasema tena, akanirekebisha tena), aliyeletwa muhula mmoja kufundisha kwaya ya shule yetu, akapewa kulala kwangu kwa kuwa nina chumba cha sementi kisicho na mtu. Kazi yake ni opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba tu, hata mtu akichomwa kisu anaimba kwanza ndipo afe. Yeye ni soprano, sauti ya juu kabisa ya wanawake. Alianza kanisani kwao akiwa mdogo, akashindanishwa kila mwaka, kisha akaenda chuo cha muziki miaka sita ambako (nilimwuliza mara mbili) alifundishwa kupumua. Kazi yake ya kwanza alikuwa mjakazi anayeleta sinia, anaimba maneno manne, anatoka. Ya pili, alijifunza nyimbo zote za mwimbaji mkubwa, akakaa nyuma ya pazia miezi mitatu akingoja yule mama augue ili ashike nafasi yake.

"Akaugua?" nikamwuliza.

"Hata kikohozi," akasema, na nikaona huyu naye amekaa akichunga afya ya mtu kama mimi, ila yeye alikuwa anaomba upande wa pili.

Sasa kosa langu. Aliniomba afanye mazoezi asubuhi nyuma ya nyumba. Nilijua vizuri kwamba kwetu sauti ya juu ya mwanamke kabla ya chai, ikitoka nyumba yenye mgonjwa, ina maana moja tu. Lakini kumkatalia mgeni ni kugumu, na, niseme ukweli, nilitaka Mama Awuor asikie ni mgeni wa aina gani niliye naye. Nikamwambia aimbe.

Jumamosi, jua likichomoza, nilikuwa jikoni nakoroga uji. Karisi alianza chini kama mtu anayesafisha koo, akapanda ngazi moja, akapanda nyingine, na alipofika juu kabisa akakaa huko. Kuku walinyamaza. Mama Awuor akajibu kwa nduru yake kutoka ng'ambo ya ua, mwingine akajibu kutoka mtoni, na nilipoipua sufuria uwanja ulikuwa umejaa watu ambao wiki tatu nzima hawakuona njia ya kuja kumjulia hali mgonjwa. Mama Awuor alizunguka nyumba ameshika kichwa, akilia kwamba marehemu alimlisha uji kama mwanawe (hawajasalimiana tangu ugomvi wa mpaka). Mke wa shemeji yangu, aliyeonekana mara ya mwisho Pasaka, alijitupa chini, akainuka, akatafuta penye nyasi, akajitupa tena. Wanaume walikuwa wanabishana hema lielekee wapi, na shemeji mwenyewe, aliyepigiwa simu Homa Bay, alikuwa ameshauliza nani atashika maikrofoni. Karisi naye akaona watu wamekuja kumsikiliza, na mtu aliyekaa nyuma ya pazia miezi mitatu hamwachii nafasi hiyo mwingine. Akapanda tena. Wakalia zaidi.

Mimi nilisimama na mwiko nikisema hajafa, hajafa, lakini sauti yangu mnaijua.

"Nyar Lambwe," Mama Awuor akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, binti wa Lambwe, "hata leo hulii?"

Mlango ukafunguka. Mama mkwe, ambaye hakuwa amesimama wiki nzima, ameshika mwimo, blanketi mabegani. Wengine walikimbia. Karisi akainama kama wanavyoinama jukwaani. Kwetu kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo, na niliogopa jambo moja tu, kwamba ataingia kaburini akiamini mimi ndiye niliyemtangaza.

Alikaa kwenye kigoda, akamgeukia Mama Awuor. "Endelea. Ulikuwa umefika kwenye uji."

Mama Awuor alishusha mikono kutoka kichwani. Mama mkwe akaniangalia mbele ya wote. "Nyar Lambwe, na wewe umenililia?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana, Mama. Nilikuwa nakukorogea uji."

"Basi ulete kabla haujapoa."

Wazee walichinja mbuzi kuondoa mkosi (waliolia ndio waliokula zaidi), wakaamua kwamba sauti yoyote ya asubuhi itokayo kwangu ni ya mzungu, mtu asisumbuke kutoka.

Wiki ya mwisho ya muhula Karisi alipeleka kwaya mashindanoni Homa Bay, wakaondoka jioni. Asubuhi iliyofuata nilipeleka uji, nikamshika mama mkwe mkono, ulikuwa baridi. Nikatoka nyuma ya nyumba, pale pale Karisi aliposimama, na huu mdomo uliokataa kwa mume wangu ukafunguka. Nilipanda juu, nikakaa huko. Nikangoja. Moshi ulitoka jikoni kwa Mama Awuor kama kawaida. Nikalia tena, ng'ombe mmoja akanijibu. Mwisho nilijifunga leso nikapita lango hadi lango, nikiwaambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayealika mkutano, kwamba Mama ametuacha.

Mama Awuor aliweka mkono mdomoni. "Kumbe ni wewe? Tulikuwa tunasema leo mzungu ameimba vizuri."

Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa kwa kulia. Mgeni mwingine mwenye sauti akija kwangu, kitanda nitampa, uji nitampa, lakini mazoezi atafanyia shuleni. Nduru ya nyumba hii ibaki ya wenyewe.