Upande wa Minyaa

Jirani aling'oa minyaa ya mpaka wetu Alhamisi, akaniambia Jumamosi mafundi watakuja kujenga ukuta. Nilimwitikia kwa heshima zote, lakini moyoni nilisema: huyu anatuibia. Kiwanja kile cha Bofu ndicho pekee wazazi walichotuachia, na mimi, kifungua mimba, niliyeacha darasa la saba nikakalia cherehani, ndiye niliyebaki kukilinda.

Hati ya mauziano ililiwa na mchwa. Vipimo vya pande havikusomeka. Kilichobaki ni eneo tu, futi mraba elfu mbili na mia nne. Nami nilikumbuka marehemu baba akisema urefu umezidi upana kwa futi ishirini, na hizo ishirini ni za jiko la mama.

"Yatosha," alisema mdogo wangu wa kidato cha tatu. Upana akauita x, urefu x na ishirini, akazidisha: x kipeo cha pili, jumlisha ishirini x, toa elfu mbili na mia nne, sawa na sifuri. Akaigawa kwenye mabano mawili, akapata majibu mawili: arubaini, na hasi sitini. La pili akalikata kwa mstari.

"Mbona hilo unalitupa?"

"Upana hauwezi kuwa chini ya sifuri, dada."

"Na urefu?"

"Sitini."

"Si ndiyo hiyo uliyoitupa? Imerudi kwa mlango gani?"

Alicheka mpaka kalamu ikamtoka. "Ni arubaini jumlisha ishirini, dada! Zidisha mwenyewe upana kwa urefu."

Nne mara sita, ishirini na nne, na sifuri mbili nyuma. Nikamwamini, nusu.

Jumamosi asubuhi nilitoka na utepe wangu wa kushonea, wenye futi tano. Kwa upana, kutoka jiwe la mpaka wa ng'ambo hadi mashimo ya minyaa, utepe ulitakiwa kuingia mara nane. Uliingia saba na nusu na kidogo.

"Mzee, shikamoo," nilimwambia jirani. "Futi zetu mbili ziko wapi?"

"Marahaba. Hebu pima tena, mwanangu, nami nione."

Nilipima. Kila utepe ulipofika mwisho niliweka vidole vinne, kisha ndipo nikaanza upya. Alinitazama mpaka mara ya tatu, akaangua kicheko.

"Wallahi, huyu apima kiwanja ama akata buibui? Vidole hivyo ni vya nini?"

Vilikuwa vya pindo. Miaka yote mkono wangu hauachi kipimo bila kubakisha kitambaa cha kukunja, na siku ile uliipa pindo ardhi.

Nilipima tena bila vidole. Mara nane, utepe ukaishia ukingoni mwa mashimo.

Niliomba radhi. Kisha nikaleta kigoda, nikakaa pale mpakani mpaka mafundi walipomaliza mstari wa kwanza wa matofali.