Vimamba wa Pasiansi

Treni iliyotutoa Kilosa ilinuka maganda ya machungwa, jasho, na maziwa yaliyochachia nguoni mwa watoto wa watu. Tulipanda mchana wa joto, mama na mimi, na godoro moja lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Dodoma ilipita tukiwa bado tumesimama. Tabora tuliteremshwa kungoja mabehewa ya Mwanza, tukalala kwenye sakafu ya stesheni, mkono wangu umefungwa kwenye pindo la kanga ya mama ili nisipotee. Baba alikuwa amebaki Kilosa, kaburini, kule alikokwenda akiwa kijana kutafuta kibarua cha pamba, na sisi tulikuwa tunakwenda kwa dada yake ambaye sikuwahi kumwona. Nilijua jambo moja tu: baba alirudi kutoka kupulizia dawa shambani, akalala, hakuamka tena. Mama alisema ni dawa iliyomuua. Shangazi Holo alitupokea kwa kilio kikubwa, akatupa chumba cha uani, lakini kilio kilipoisha alisema kwao watu wamepulizia pamba tangu enzi za babu na hakuna aliyekufa. Kisha akamtazama mama kwa namna iliyonifanya niache kula.

Shangazi alikuwa na matuta ya sukuma wiki kando ya ziwa, Pasiansi, kwenye bustani ya watu wengi waliochota maji pamoja na kugawana ardhi chini ya mwenyekiti mmoja, Mzee Magesa. Alimwombea mama kipande, akamwekea dhamana kwa jina lake mwenyewe. Kipande hicho kilikuwa maisha yetu. Mume wa shangazi alikuwa ameshaanza kuuliza, akijifanya anatania, kama wageni wa Kilosa husahau njia ya kurudi. Lakini bustani ile ilikuwa na sharti lake: wadudu wakiingia, wote wanapuliza dawa siku moja, ileile ya pamba iliyoletwa kutoka vijijini. Asiyepuliza anatoka, kwa sababu wadudu wake watakula kwa jirani. Mama alikubali masharti mengine yote. La dawa alilinyamazia, na mvua zilipokuwa nzuri hakuna aliyeliona hilo.

Mvua zilipokatika, wadudu mafuta walikuja. Walijaza mgongo wa kila jani, wadogo, wa kijivu, wamebanana kama chenga za mchele, na majani yakaanza kujikunja na kunata. Ndipo mama akaanza kukaa. Alichuchumaa katikati ya matuta asubuhi hadi jua lilipochoma, anageuza jani moja, anatazama, hafanyi kitu. Nilimfuata nione anachoona. Kati ya wale wa kijivu palikuwa na kijidudu kirefu, chembamba katikati, cha rangi ya udongo, kinatembea kikiyumbisha kichwa kushoto na kulia kama kipofu anayetafuta mlango. Kilipomgusa mdudu mafuta kilimshika kwa taya mbili zilizopinda, kikamnyonya mpaka akabaki ganda. Watoto wa ziwani walikiita kimamba, yaani mamba mdogo, ingawa kwingine jina hilo ni la wadudu mafuta wenyewe. Mkubwa wake, aliyekwisha kukomaa, alikuwa na mabawa ya kahawia yenye mishipa kama wavu, amejikunja juu ya jani mithili ya kipande cha jani kavu. Ukimgusa anaanguka chini na kujifanya maiti.

"Watawamaliza wote, mama?"

"Sijui, mwanangu. Naona wanakula. Kama watawahi, sijui."

Bustani nzima ilipuliza isipokuwa sisi. Wanawake waliokuja kuteka maji walisimama kwenye mpaka wetu. "Jamani, mbuzi tumefuga, kuku tumefuga, Mama Kilosa yeye kafuga wadudu!" mmoja alisema. Mwingine akajibu, "Muulize kama anakamua." Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mama naye alitabasamu kidogo, akageuza jani jingine.

Mzee Magesa hakucheka. Alikuwa mtu wa Mara, mrefu, mpole wa sauti. Mama alimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia marahaba akiwa ameshageuza jani.

"Mama, hawa ni wadudu au siyo wadudu?"

"Ni wadudu, mzee. Ila hawa wa kahawia wanakula hao wengine."

"Mimi sina macho ya kuchagua mdudu mwema na mdudu mbaya. Jumamosi nitapita. Nikiwakuta, kipande nampa mwingine. Na dhamana ya Holo nayo itakuwa imekwisha."

Maneno hayo ya mwisho yalimfikia shangazi kabla hatujafika nyumbani. Wiki ile tulikula ugali na dagaa bila mtu kumwangalia mwenzake. Kila asubuhi nilikimbilia matuta. Vimamba walikuwa wanaongezeka. Majani ya chini yalibaki na maganda meupe matupu, lakini ya juu bado yalikuwa ya kijivu. Mama alipita mstari kwa mstari, midomo inacheza kama mtu anayesali. Alhamisi matuta ya upande wa ziwa yalikuwa karibu safi. Kwa mara ya kwanza tangu Kilosa nilimsikia akiimba, kwa sauti ya chini, akiogopa kuharibu.

Ijumaa alikwenda soko la Kirumba kuuza nyanya za shangazi, mimi nikaenda shule. Tuliporudi jioni tukakutana njiani, tukashuka pamoja bustanini. Harufu tuliikuta kabla ya kufika. Mama alisimama ghafla, akaziba pua yangu kwa kanga. Katikati ya sukuma wiki zetu alikuwa shangazi, bomba la kupulizia mgongoni, miguu peku, kitenge kimelowa hadi mapajani.

"Nimekuokoa, wifi," alisema. "Usinitazame hivyo. Hawa watu wangetutoa wote."

Jumamosi Mzee Magesa aligeuza jani baada ya jani. Hapakuwa na mdudu mafuta wala kimamba. Akampa mama mkono na kumwambia kipande ni chake, msimu huu na ujao. Majirani wakapiga vigelegele. Mama alishukuru kwa adabu zote, kisha hakukata jani hata moja. Wateja walipokuja aliwaambia mboga hazijakomaa. Baada ya siku chache akapata kazi ya kupika katika shule moja ya sekondari upande wa Bunda, akafunga godoro.

Nimehama sana tangu wakati huo: Kahama, Mpanda, Tunduma, na sasa sijui ni mji wa ngapi. Mwaka huu nilipita Pasiansi. Penye matuta pamejengwa nyumba zenye kuta ndefu. Kwenye duka la pembejeo la Igoma kijana alinionyesha kwenye simu picha ya mdudu yule wa kahawia, akaniambia kwa furaha kwamba ni rafiki wa mkulima, mdogo kwa mkubwa wanakula wadudu mafuta. Nyuma yake rafu ilijaa chupa za dawa, na aliyekuwa mbele yangu alinunua mbili bila kuulizwa anapulizia nini. Siku hizi jibu linapatikana kwa kidole kimoja. Mama alilitafuta kwa kuchuchumaa juani, na bado sijui kama vimamba wangewahi. Hawakupewa siku zao.

Siku tuliyoondoka, shangazi alitusindikiza hadi Igoma, godoro kichwani kwake, hataki kusaidiwa. Tangu Ijumaa ile alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge na kusema ni vumbi. Gari la Bunda lilipotokea, konda akianza kuita abiria, alitua godoro.

"Wifi," alisema. "Kaka yangu. Naye macho yalimwanza hivi?"

Mama alimtazama macho. "Macho kwanza. Halafu mate. Halafu akaniuliza mbona nimefunga dirisha, na lilikuwa wazi."

Shangazi akaketi palepale kwenye vumbi, mikono usoni. Konda akatupigia kelele tupande. Mama akamwashiria konda aende, akaketi kando ya wifi yake, akamfungulia kilemba na kuanza kumfuta macho. Tuliondoka na gari la pili.