Mdomo Wangu na Matanga ya Baba

Mdomo wangu ulipasuka wiki tatu kabla ya kumaliza matanga ya baba, na aliyeupasua ni mimi mwenyewe. Nasema hili mapema kwa sababu siku zile nilimlaumu kila mtu. Nililaumu vumbi la kiangazi, nikamlaumu mama aliyetia pilipili kwenye samaki wa mukeke, nikamlaumu hata marehemu baba kwa kuniachia tarumbeta kuukuu kuliko mimi.

Hapa Bujumbura, mwaka mmoja hivi baada ya mazishi, familia huweka siku ya kuganduka. Watu wanakuja, wanasali, wanakula, halafu matanga yanaisha, na mjane anaweza tena kucheka bila majirani kumwangalia. Mambo ya hema na vinywaji mama aliwaachia baba zangu wadogo wagombane wanavyotaka. Yeye aliomba kitu kimoja tu: nipige kwa tarumbeta ya baba ule wimbo ambao baba alikuwa akiupiga kanisani.

“Uupige weye,” aliniambia. “Haiko mutu mwingine.”

Nikamwahidi. Mimi nikiahidi naahidi kifua mbele, halafu ndipo naanza kutafuta nitafanyaje.

Shida ilikuwa sauti moja. Katika ubeti wa mwisho baba alikuwa akiwaacha waimbaji wote chini na kupanda peke yake hadi sauti ya juu kabisa, akaishika pale mpaka watoto wakageuka kwenye mabenchi kumtazama. Mtaa wetu mzima wa Nyakabiga unaikumbuka. Mimi nilikuwa nimejifunza tarumbeta katika fanfari ya kanisa letu, kile kikundi cha tarumbeta na ngoma kinachotangulia maandamano ya sikukuu, lakini nilipopata kazi ya ofisini niliacha. Nilikuwa sijapuliza karibu miaka kumi. Hata hivyo sikutaka watu waje, wakae, wasubiri ile sauti, halafu warudi nyumbani wakisema binti ameshindwa.

Sasa mjue tulivyolelewa katika fanfari ile. Baada ya mazoezi tulionyeshana midomo. Mwenye alama nyekundu ya duara, iliyoachwa na ambushiri, yaani kile kikombe kidogo cha chuma cha kupulizia, huyo alikuwa amefanya kazi. Asiye na alama aliambiwa alikuja kupumua tu. Na ili mdomo ukomae tuliupaka ndimu na chumvi, tukiamini utakuwa mgumu kama unyayo wa mtu asiyevaa viatu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini wale wakali wetu walikuwa wanaacha kupiga kabla ya kufika miaka thelathini.

Basi nikarudia yale yale. Kila nikitoka kazini nilikaa nyuma ya nyumba ya mama, nikatia kidole kidogo kwenye kipete kilicho juu ya tarumbeta, na nilipofika kwenye ile sauti nilivuta chombo kwa nguvu zote kuelekea usoni. Ukivuta, inatoka. Inatoka kama mbuzi anayekanyagwa, lakini inatoka. Siku ya kumi nilihisi kitu kikikatika ndani ya mdomo, kwenye jino, na nilipoipindua ambushiri damu ikadondoka kwenye kiatu. Nikaenda jikoni nikapaka ndimu na chumvi. Nililia, tena nililia kwa fahari, mjinga mimi.

Asubuhi mdomo wa juu ulikuwa andazi. Mama aliniangalia, akaweka chini sufuria aliyoishika.

“Mudomo yako imefanya nini, mama?” Mama yangu akinihurumia ananiita mama.

Nikamwambia nimeumwa na nyuki. Akaniuliza nyuki gani anauma kwa mviringo. Halafu, bila maneno mengi, akanituma mtaa wa Cibitoke kwa fundi wa cherehani aliyemfundisha baba tarumbeta. Mzee huyo na baba walitoka Uvira, upande wa Kongo, pamoja wakiwa vijana, na baada ya baba kufa ndiye aliyekuwa akija kila Jumapili kumuuliza mama kama amekula.

Mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mjini tena, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu, sanduku la tarumbeta begani, mdomo ukinipiga kama una moyo wake. Nilifika nina hasira tayari. Mzee aliacha koti alilokuwa analishona, akanivuta hadi mlangoni penye mwanga na kuupindua mdomo wangu kwa kidole gumba, kama mtu anayekagua bitana ya koti.

“Nani alikuambia utie ndimu?”

“Sote tulikuwa tunatia, papa.”

“Bote. Na sasa hao bote bako wapi? Bado banapiga?”

Akaniambia nisipulize kabisa siku saba. Ndimu apana, pilipili apana, dagaa wenye miiba apana. Nisukutue kwa maji yenye chumvi kidogo sana, nipake mafuta ya ng'ombe kwa nje mdomo usikauke, basi. Nikamwambia siku zilizobaki ni ishirini tu na yeye ananinyang'anya saba. Akarudi kwenye koti lake. Mimi hakuna kinachonipandisha hasira kama kunyamaziwa. Nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya: kwamba yeye hapigi tena, ndiyo maana hataki wengine wapige.

Cherehani ikasimama. Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliondoa uzi aliokuwa ameushika kwa meno, akanionyesha mdomo wake wa juu. Upande wa kushoto ulikuwa na kibonyeo, kidogo, ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote nikadhani alizaliwa nacho.

“Ilikuwa arusi,” alisema. “Ngoma zilikuwa nyingi, nikataka kusikika. Nikavuta, nikavuta, kitu kikakatika umu ndani. Nilikuwa na miaka makumi mbili na sita. Toka siku iyo upepo unatokea hapa, haukae. Papa yako alikuwa pembeni yangu. Hakuvuta tena hata siku moja. Unafikiri ile sauti ya juu alikuwa anaitoa na mikono?”

Nilikaa kwenye benchi la wateja nikaomba msamaha. Akaniambia nishike mkasi nikate nyuzi zilizozidi kwenye koti, maadamu nimekaa bure. Nampenda sana mzee yule, na nadhani ni siku ile nilipoanza kujua kwamba nampenda.

Siku saba zile, tarumbeta ikiwa imebaki kwa mzee, zilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima wa matanga. Ya nane nilirudi. Mzee alikuwa ameondoa makoti kwenye msumari wa boriti na kuning'iniza pale tarumbeta ya baba kwa nyuzi mbili nene za kushonea suruali za jinzi, sawasawa na kimo cha mdomo wangu.

“Mikono nyuma,” akasema. “Piga.”

Nikasogea, nikapuliza, tarumbeta ikaenda zake. Nikaisubiri irudi, nikasukuma uso, ikaenda tena. Wanawake wawili waliokuja kuchukua sare za watoto wao walisimama mlangoni wakicheka bila kificho, na mmoja akaniuliza kama natafuta kuibusu au kuiuma. Nilitaka kukata uzi ule niondoke. Mzee aliketi tu, anapiga cherehani. Mara ya sijui ngapi, kwa kuchoka, niliigusa kidogo tu, nikaacha hewa ndiyo ifanye kazi, na ikatoka sauti ya chini, nyembamba, safi. Chombo hakikusogea. Cherehani ilinyamaza kidogo, ikaendelea.

Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote zilizobaki. Tulianza chini, polepole. Kama nimepiga dakika tano, napumzika dakika tano, hata kama najisikia mzima. Mdomo ukianza kulegea naacha, sisubiri uume. Mwishoni mzee alinirudishia tarumbeta mikononi, lakini kile kipete alikizungushia kitambaa akakishona, kidole kisipate pa kuingia. Ile sauti ya juu ilikuja mara moja katika tatu. Nikamuuliza nifanyeje siku yenyewe isipokuja.

“Ikikuja, ikuje,” alisema. “Ikikataa, usiende kuikamata.”

Siku ya kuganduka uwanja wa mama ulijaa, na wengine walisimama barabarani. Mmoja wa baba zangu wadogo alishika mikrofoni, akawaambia watu kwamba sasa watasikia ile sauti ya kaka yake. Nilimchukia kwa dakika moja nzima. Mzee alikuwa mstari wa pili, katika koti alilolishona mwenyewe, anaangalia viatu vyake.

Beti mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Ule wa mwisho ulipoanza niliona watu wakiinua videvu, wanangoja. Nikajaza kifua nikapanda, na katikati ya kupanda nikajua haiji. Mkono wa kushoto ukaanza kuvuta wenyewe. Ningeipata, nawaapia. Nilihisi jino likigusa palepale palipopona. Ilikuwa kiasi cha kubana kidogo tu, na watu wangepata sauti yao, na mama angepata ahadi yake.

Nikalegeza mkono. Nikashuka, nikaumaliza ubeti wote chini, kwa pumzi ndogo, taratibu, hadi mwisho. Watu walipiga makofi ya adabu. Baba mdogo alikohoa kwenye mikrofoni akakaribisha chakula.

Nilikwenda kwa mama nikiwa nimeinamisha kichwa. Alikuwa amekaa kimya, mikono kwenye mapaja, na machozi yanamshuka naye hayafuti. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia anisamehe, nimeshindwa kuipiga kama baba.

“Ile ya kanisani ilikuwa ya batu bote,” alisema. “Wakati ulizaliwa hukuwa unalala, ulikuwa unalia tu. Papa yako alikuwa anakaa pembeni ya kitanda anapiga wimbo huu chini chini, namna hiyo, mpaka unalala. Alikuwa anaogopa kukuamsha. Mi sijaisikia toka ukuwe mukubwa. Nilifikiri imekwenda naye.”

Mama alinishika uso kwa mikono yote miwili, akapitisha kidole gumba juu ya mdomo wangu wa juu, polepole, akitafuta kidonda.

“Inauma?”

“Apana, mama.”

“Basi rudilia, upige tena.”

Nikasimama, nikarudilia.